Namna ya kuokoa kanda za kaka aliyetangulia

Kaka yangu alipiga roki Mwanza wakati mtaa mzima wa Kirumba ulitaka dansi. Kabla hajaingia studio hata siku moja alikuwa akijifungia chumbani na gitaa lake, anabonyeza redio kaseti irekodi, anaimba. Alipofariki tulikuta kaseti 19 ndani ya katoni la sabuni, chini ya kitanda. Nimezihamishia kwenye kompyuta zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo inayoniandikisha haya, ili wewe mwenye katoni kama lile usipoteze ya kwako.

Usipige kaseti yoyote siku za matanga. Najua kila mtu anatamani kusikia sauti yake. Sisi tulitumbukiza iliyokuwa juu kabisa, redio ikaula mkanda, wimbo ukakatikakatika mbele ya mama. Ndiyo ile moja niliyoitaja. Anza kwa kuchungulia kwenye kidirisha cha kaseti. Unyevu wa ziwa huzaa ukungu, nao utauona kama unga mweupe ukingoni mwa mkanda. Yenye unga itenge, maana ikipigwa inachafua deki, yaani mashine ya kupigia kaseti, na deki inachafua nyingine zote. Za kwetu tuliziweka mahali pakavu kivulini wiki mbili, kisha tukatoka nje na brashi laini, pua tumeziba, tukapangusa taratibu.

Vunja vijino vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, asije mtu akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kile kipande laini kinachoukandamiza mkanda kikiwa kimebanduka, hamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine, lile linalofungwa kwa skrubu.

Tafuta deki nzuri. Yangu niliazima kwa fundi redio wa Mlango Mmoja. Safisha hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti, na gurudumu la mpira kwa kitambaa chenye maji kidogo. Jaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: pembeni mwa hedi pana skrubu ndogo. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na pembe yake, kwa hiyo sauti ikitoka kama imefunikwa blanketi, usilaumu kaseti. Zungusha skrubu hiyo kidogo kidogo, ukisikiliza herufi "s" za mwimbaji, mpaka zing'ae. Nilifanya hivyo kwa kila kaseti upya. Siku ya kwanza nilipopatia, nilimsikia kaka akivuta pumzi kabla ya ubeti, nikalazimika kuzima nikae kwanza.

Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi upande mzima bila kukata, kwa WAV ya biti 24, aina ya faili isiyobana sauti. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Faili hilo la kwanza usiliguse tena. Ukitaka kupunguza mvumo, fanya kwenye nakala, na usifute sauti za nyuma. Kaka hakuandika tarehe, lakini kwenye kaseti moja redio ya jirani inatangaza habari za MV Bukoba, meli iliyozama Mei 21, 1996. Nyimbo tatu za kaseti hiyo sasa tunajua ni za kipindi kile, na tunaelewa kwa nini ya mwisho ameiimba polepole vile.

Kuhusu kuzitoa hadharani, kwa sheria yetu ya mwaka 1999 hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, hivyo mwenye kauli ni msimamizi wa mirathi, si yule aliyekuta katoni. Ongea pia na waliopiga naye. Rekodi za nyumbani za Kurt Cobain, mwanaroki wa Marekani aliyefariki 1994, zilitolewa 2015, na mashabiki walibishana kama mwenyewe angeridhia. Hata familia yetu ilibishana. Kwenye majalada kaka alikuwa amekata majina ya nyimbo sita kwa wino mwekundu. Tukaamua zilizobaki, 31, zitoke kama zilivyo, bila kuongezewa ngoma wala kinanda. Zile sita ziko kwenye diski ya mama, na anazisikiliza peke yake.