Kuchora mwili wa mtu kwa mstari mmoja, kwa njia ya Egon Schiele

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea daftari lililojaa watu waliosimama wima kama nguzo za stima, kila mkono ukiwa umefutwa mara tano. Nilimwonyesha michoro ya Egon Schiele, mchoraji wa Austria (1890–1918), kisha tukaenda ufuoni Dunga, hapa Kisumu.

Hatua ya 1. Chukua ubao, karatasi ya manila na penseli laini, ya 6B. Raba ibaki nyumbani. Makaa ya jikoni siyapendi, kwa kuwa hukwaruza karatasi, na kwa joto la huku kiganja chenye jasho huyapaka kila mahali.

Hatua ya 2. Tafuta mtu anayefanya kazi, umwombe ruhusa. Sisi tulimpata mama aliyekuwa akiparua magamba ya ngege. Asiye na kazi hujikaza kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipopoteza miezi. Jicho likae kwenye ukingo wa bega la mtu, ncha ya penseli ikae karatasini, na vyote viwili vitembee pamoja, polepole, bila penseli kuinuliwa, hadi kiwikoni. Tatizo ni kwamba mkono hulitangulia jicho, na hapo unachora bega unalolijua badala ya hilo unaloliona. Ukipotea, simamisha penseli palepale, tazama karatasi, ndipo uendelee. Penye mfupa punguza mwendo na ukandamize, maana mistari ya Schiele hupinda kwa kona kali kwenye viwiko na vifundo vya vidole. Kiwiko kikikataa, kiache, uchore uwazi ulio kati ya mkono na kiuno. Wa yule mama ulikuwa pembetatu nyembamba iliyochongoka kuelekea kwapani. Mpwa wangu alipoichora hiyo, mkono ulikaa wenyewe. Mstari uliokosewa usifutwe, bali uchorwe mwingine kando yake. Wala usirefushe vidole ili ufanane na Schiele, kwani yeye aliingia chuo cha sanaa cha Vienna mwaka 1906, akiwa na miaka 16, na aliuchora mwili kwa usahihi kabla ya kuupotosha.

Hatua ya 4. Rangi ya maji ipakwe baadaye, kama alivyozoea Schiele, mtu aliyechorwa akiwa ameshaondoka: wekundu kidogo viwikoni, basi. Nyuma pabaki patupu. Mpwa wangu alitaka kuongeza mitumbwi. Nilimkatalia, naye akaihamishia upande wa pili wa karatasi.