Kabla hujanunua TV boksi piga hesabu ya bando

Wana Mwanza mnaotaka TV boksi ya kuangalia muvi mtandaoni, anzeni na bando jamani, picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja, sasa watoto wakikaa nayo jioni nzima si balaa hilo. Kama home hakuna waifai ya kulipia kwa mwezi, mi nasema funga dishi la chaneli za bure, unalipia dishi, resiva na fundi basi. Ila kwa sisi tunaokaa kwenye vilima vya mawe, mitaa kama Mabatini huko, fundi apime signo kwanza ndo atoboe ukuta, maana jiwe likikinga upande wa setilaiti hupati kitu. Mvua kubwa ikishuka dishi dogo linakatakata, subiri ipite usianze kulizungusha.