Manjano yanazuia vijidudu maabara, lakini yakianikwa ovyo huota ukungu

Mnunuzi wa manjano ya dawa haangalii rangi peke yake. Anachokitaka ni kurkumini, kiini cha njano ambacho ni takriban asilimia 2 hadi 5 ya uzito wa manjano makavu, pamoja na mafuta yanayotoa harufu. Maabara, viwili hivyo huzuia baadhi ya fangasi na bakteria, akiwemo Staphylococcus aureus anayetia vidonda usaha. Ajabu ni kwamba tunguu hilohilo, yaani kipande cha manjano kinachochimbwa ardhini, likianikwa ovyo huota ukungu, na ukungu wa aina fulani huacha sumukuvu isiyoondoka hata ukipika.

Zao hili linapenda joto na mvua. Kyela na Rungwe ya chini, mkoani Mbeya, panafaa. Makete kwenye baridi usipoteze mbegu. Panda mvua zikianza, Novemba au Desemba, kwenye matuta, maana maji yakituama tunguu linaoza. Baada ya miezi 8 au 9 majani hukauka, nawe unavuna kiangazi, wakati mzuri wa kuanika.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Osha udongo wote, kisha chemsha matunguu mazima dakika 45 hadi saa moja, mpaka kijiti kipenye bila kulazimisha. Yakichemka vizuri hukauka haraka na sawasawa. Anika juu ya kichanja, kamwe si chini, na jioni funika kwa turubai kwani umande wa usiku mmoja unarudisha kazi nyuma. Endelea hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 10. Huna kipimo? Vunja tunguu: likikatika kwa mlio, tayari, likipinda, lirudishe juani. Hifadhi kwenye gunia safi, mahali pakavu penye giza. Mwanga hufifisha kurkumini, kwa hiyo unga ule unaopangwa barabarani kwenye chupa angavu mimi siununui.

Kuhusu tiba, tusitie chumvi. Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji na utumbo hufyonza kidogo sana, hivyo kilichoonekana maabara hakiji chote ndani ya kikombe cha chai. Mdondo wa kuku husababishwa na virusi: chanjeni kuku, manjano hayatoshi. Aliyeandikiwa antibayotiki amalize dozi. Mwenye mawe kwenye nyongo, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kuanza kunywa manjano kwa wingi.