Somo: Pima mashimo ya meza yako ya pool mwenyewe, kabla hujanunua mipira na kabla hujaniita

Wakuu, kila wiki naletewa picha ya shimo la kona na swali lile lile: "Fundi, hii saizi ni ya kawaida?" Picha haina futi, haina mpira pembeni, mara nyingine ina chupa ya bia tu. Naandika mara moja, halafu kila atakayeuliza nitamtumia hapa.

Hatua ya 1. Jua meza yako ni ya ukoo gani.

Hakuna saizi moja ya kawaida. Kuna koo mbili, na watu wanazichanganya.

Meza nyingi za baa zetu, hizi za kutumbukiza tokeni, ni za ukoo wa Kiingereza. Ni meza ya futi 6 au 7, mpira una inchi 2 (milimita 51), na taya za mashimo (zile kuta mbili za raba, kushoto na kulia kwa shimo) zimeviringwa kama za snuka. Ukoo wa pili ni wa Kimarekani: futi 7, 8 au 9, mpira wa inchi 2 na robo (milimita 57), na taya zimekatwa kwa kona kali. Hizi utazikuta zaidi hotelini na kwenye klabu. Pima mpira kwanza. Kama mipira iliwahi kubadilishwa na mtu asiyejua, angalia taya. Mpira unaweza kukudanganya, taya haziwezi.

Hatua ya 2. Vifaa. Kaliperi, kipima pembe, pima maji, mipira miwili ya meza hiyo hiyo.

Hatua ya 3. Sawazisha meza. Pima maji juu ya jiwe (lile bamba lililo chini ya kitambaa), urefu kisha upana. Usiweke kizibo cha soda chini ya mguu, kinabonyea.

Hatua ya 4. Pima mdomo.

Kwa meza ya Kimarekani, mdomo unapimwa pale ncha ya raba inapoacha kunyooka na kuanza kuingia shimoni, kutoka ncha moja hadi nyingine. Haupimwi ndani wala kwenye ukingo wa jiwe. Vipimo ambavyo shirikisho la dunia, WPA, limevitumia kwa miaka mingi ni hivi: kona inchi 4 na nusu hadi 4 na 5/8 (milimita 114 hadi 117), katikati inchi 5 hadi 5 na 1/8 (milimita 127 hadi 130).

Huna kaliperi? Chukua mipira miwili, ibananishe mdomoni pa kona. Mpira mmoja ni milimita 57.15, miwili ni 114.3, yaani inchi 4 na nusu kamili. Ikikaa kwa kugusana pande zote, kona yako imebana inavyotakiwa. Vidole viwili vikipita pembeni yake, hilo ni shimo la kufundishia watoto.

Kwa meza ya Kiingereza usitumie mipira miwili, utaona kama meza ni mbovu. Taya zake hazina ncha, kwa hiyo pima sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Za baa nilizopima mimi zinaangukia kati ya milimita 80 na 90. Fanya hesabu: mdomo wa Kimarekani ni mara mbili ya mpira, wa Kiingereza ni kama mara moja na nusu na ushee. Ndiyo maana jamaa anayetamba mtaani kwake anaweza kuaibika akihamia ukoo mwingine.

Hatua ya 5. Taya. Hapa nilishaharibu, soma polepole.

Mdomo ni mlango tu. Nyuma yake kuna koo, yaani njia ya kati ya taya kwenda tunduni, na upana wa koo unaamuliwa na pembe uliyokatia raba. Kwa meza ya Kimarekani pembe ya kona ni digrii 142 na ya katikati ni 104, ruhusa ikiwa digrii moja tu juu au chini. Kona ingekuwa 135, taya mbili zingekuwa sambamba. Kwa 142 zinasogeleana kidogo kadiri unavyoingia ndani. Ukizidisha pembe unakaba koo.

Mwaka 2014 mwenye klabu mmoja hapa Dar aliniita: meza ya futi 8, kona zimepanuka hadi 127, vijana wanamaliza mipira yote kila zamu. Akasema, "Zikaze." Nikajaza vipande vya plaiwudi nyuma ya raba, nikarefusha ncha, nikakata pembe kwa jicho. Kibaya zaidi, kile kipande chembamba kinachobandikwa usoni mwa taya nilikikata kutoka kwenye ndala. Ndiyo, ndala, ya bluu. Nikapima mdomo: 114. Nikapokea hela, nikaondoka napiga mluzi.

Jumamosi ile ile simu ikaita. Meza inatema. Mpira unaingia mdomoni, unagonga taya ya kushoto, unavuka kulia, unarudi kukaa mbele ya shimo kama mtu aliyegoma kupanda gari. Nilipokwenda na kipima pembe, kona moja ilisoma 148. Ndala zenyewe ndani ya wiki mbili zilishachanika, maana kipande cha usoni kinatakiwa kiwe raba ngumu kuliko raba ya pembeni, nami nilikuwa nimeweka sponji. Nikanunua raba mpya za kona zote nne kwa hela yangu na kitambaa cha pembeni juu yake. Kazi ya siku moja ilinila mwezi.

Kwa hiyo:
– Usikate kwa jicho. Tengeneza kigezo cha mbao cha digrii 142, kikague, ukitunze.
– Pima kona zote, usipime moja ukadhani nyingine zinafanana.
– Taya ina mlalo pia kutoka juu kwenda chini, digrii 12 hadi 15, upande wa chini ukirudi nyuma. Ukiikata wima, mipira ya kasi inatemwa.
– Angalia jiwe limeanza kukatwa umbali gani kutoka mdomoni. Kona ikiwa na sakafu ndefu ya jiwe kabla ya tundu, shimo linakuwa gumu hata kama mdomo ni mpana.
– Taya za Kiingereza zilizoviringwa usizichonge kabisa. Badilisha raba nzima.

Hatua ya 6. Urefu wa raba kutoka kwenye jiwe. Kwa meza ya Kimarekani ncha ya raba ikae kwenye asilimia 63.5 ya kimo cha mpira, yaani kama milimita 36. Ikiwa chini, mipira inaruka. Ikiwa juu, inakabwa.

Hatua ya 7. Andika namba zote kwenye karatasi, bandika chini ya meza. Fundi atakayekuja baada yangu atakuombea dua.

Maswali yaje.

---

Kibopa_Tabata: Fundi hii ya kwangu ni saizi ya kawaida? (picha)

Fundi: Hatua ya 1, kisha ya 4. Rudi na namba.

Kibopa_Tabata: Sasa si uangalie tu picha mkuu, wewe ni mzoefu.

Fundi: Uzoefu wangu ndio unaoniambia nisipime kwa picha. Nimeona chupa, sijaona mpira.

MamaBaraka: Habari za kazi fundi. Mimi nina grosari, meza ni ya tokeni, mipira ya rangi nyekundu na njano. Mpira mweupe ulipotea nikanunua mwingine dukani. Sasa ukiingia shimoni haurudi, unabaki ndani na ile mingine, wateja wanataka warudishiwe hela yao. Nimeharibu nini?

Fundi: Dada, hujaharibu kitu, umeuziwa mpira usio wako. Meza nyingi za tokeni za Kiingereza zina njia mbili chini ya jiwe. Mipira ya rangi ni inchi 2, mweupe ni inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6. Tofauti hiyo ya milimita tatu ndiyo inayoufanya mweupe uchepuke kwenda kwenye njia yake ya kurudi. Ukiweka mweupe wa inchi 2, meza inauona kama mpira wa rangi na kuufungia hadi tokeni nyingine. Nenda na kaliperi dukani, pima mbele ya muuzaji. Ukiupata, nunua miwili, mmoja uufiche.

MamaBaraka: Asante sana. Nimepima huu, 50.8. Kesho naurudisha.

Seif_wa_Nyali: Kaka, hapo umetupoteza. Meza za mabingwa huwa na kona za inchi 4 kamili. Mbona wewe unasema 4 na nusu?

Fundi: Nimesema vipimo vya WPA, sikusema kila meza duniani. Wapo wanaokaza hadi 4 na robo, wapo wanaofika 4, kwa sababu wachezaji wao hawakosi. Inchi 4 ni milimita 101.6, mipira miwili haiingii mdomoni. Ukiiweka kwa wateja wako wa Mombasa wa Ijumaa usiku utakuja kuniambia.

Seif_wa_Nyali: Sawa boss, usikasirike.

Fundi: Sijakasirika. Nimejibu hilo mara arobaini.

mwanafunzi_UDOM: Shikamoo fundi. Naomba kuelewa, kwa nini shimo la katikati lina mdomo mpana kuliko la kona? Kwa macho yangu la katikati ndilo linaonekana gumu.

Fundi: Marahaba. Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Macho yako hayajakosea. Simama nyuma ya mpira uutazame mdomo kutoka mpira ulipo. Shimo la kona, hata mpira ukija umeambaa na raba, unaliona kwa mshazari wa digrii 45. Mdomo wa 114 unaonekana kama 81, mpira wa 57 unapita na nafasi inabaki. La katikati ukilipigia kutoka mbali, kwa mshazari wa digrii 30 na raba, mdomo wa 127 unaonekana kama 63.5. Toa 57, umebaki na milimita 6 hivi. Ndiyo maana wanaupanua, na bado unatema. Chora kwenye karatasi utaona mwenyewe.

mwanafunzi_UDOM: Nimechora, nimeelewa! Na ule mweupe mdogo wa Mama Baraka, haubadilishi mchezo?

Fundi: Unabadilisha sana. Mdogo maana yake mwepesi. Ukiupiga chini unarudi nyuma kirahisi, ukiupiga juu ufuate mbele unachoka mapema. Halafu kitovu chake kiko chini kuliko cha mpira wa rangi, kwa hiyo unapougonga unausukuma kidogo kwenda juu. Ukipiga kwa nguvu utaona mpira wa rangi unaruka kidogo. Ndiyo maana wapo wachezaji wanaopenda mweupe wa saizi moja na mingine.

BossWaBaa: Mimi nataka jibu la biashara. Nikaze mashimo au nisikaze? Vijana wanamaliza haraka mno.

Fundi: Wakimaliza haraka nani anatumbukiza tokeni? Tuseme mchezo ni 500 na unachukua dakika 8. Kwa saa ni kama michezo 7, shilingi 3,500. Kaza hadi mchezo uchukue dakika 12, unabaki na 5, shilingi 2,500. Kaza kama unakodisha meza kwa saa au unaandaa mashindano. Kama unakula kwa tokeni, acha mashimo yapumue.

BossWaBaa: Duh. Sikuwahi kuhesabu hivyo.

Mtu_wa_Snuka: Na snuka je? Namba zake?

Fundi: Snuka haipimwi kwa namba moja ya mdomo. Wanatumia vigezo maalumu vinavyochomekwa shimoni, na mpira ni milimita 52.5. Kama huna kigezo usiguse taya. Mimi sizigusi.

Chaki_ya_Bluu: Nje kidogo ya mada. Kitambaa cha meza ya Kiingereza nipige brashi kuelekea wapi?

Fundi: Kutoka upande wa kuanzia kwenda upande wa mpira mweusi, mkupuo mmoja mmoja, usirudi nyuma. Kina vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Cha Kimarekani hakina, futa tu. Na sisi wa pwani, mvua ikinyesha siku tatu kitambaa kinavuta unyevu na mipira inaburuza. Usikikaushe kwa pasi ya moto ukiwa umelowesha. Washa taa ya juu mapema, funika meza usiku.

Chaki_ya_Bluu: Mimi nilikuwa namwagia maji kidogo kuondoa vumbi 😅

Fundi: Acha.

Kibopa_Tabata: Fundi nimerudi. Mpira 51, taya za mviringo, kona 84, 85, 84, 93.

Fundi: Sasa tunaongea. Tatu nzuri. Ile ya 93 raba imeachia gundi au bolti imelegea, haijachakaa. Ingia chini na spana, kaza bolti za upande ule kwa zamu, usikaze moja hadi mwisho. Pima tena. Ikibaki juu ya 90, nitumie picha ya raba hiyo, safari hii weka mpira pembeni.