Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kijani: Kazi Imeshikwa, au Imebanwa Tu?

Kubana na kushika ni mambo mawili. Jiliwa, kile kibano cha taya mbili, linaweza kukazwa hadi mpini ugome, na kazi (kipande unachochonga) bado ikawa huru upande mmoja. Ajali nyingi za mashine za CNC za kuchonga, zile zinazoongozwa na kompyuta, huanzia hapo, ingawa programu ndiyo hulaumiwa kwanza. Basi haya yapitie kila unapofunga kazi, hata kama ni ile ile ya jana.

Safisha meza. Futa chenga zote, kisha pitisha jiwe laini la kunolea juu ya meza na chini ya jiliwa ili kuondoa vinundu. Funga jiliwa, shikisha daili geji (kipimo cha sindano) kwenye spindo, mhimili unaozungusha kifaa cha kukata, itembeze kwenye taya isiyosogea mwanzo hadi mwisho. Kwa taya ya milimita 150, sindano isicheze zaidi ya 0.02. Pima taya hiyo, usipime ile nyingine: taya inayosogea hupanda kidogo kila inapokazwa, na inachopandisha ni kazi yako.

Hapo ndipo wengi hulia. Chukua kipande cha aluminiamu cha 100 kwa 60 kwa 25, kimetoka kwenye msumeno sasa hivi. Kwa macho kimenyooka. Kiwekee skwea utaona ubavu mmoja umeinama, pengine nusu milimita. Ukikibana hivyo, taya inakigusa kwa mstari mwembamba tu, juu au chini. Unakaza, kinageuka kidogo, ukingo mmoja unaachana na paraleli, vile vipande bapa vya chuma vinavyobeba kazi ndani ya jiliwa. Unakigonga kwa nyundo, kinakaa. Unakaza tena ili kuwa na uhakika, kinainuka tena, na safari hii hukitazami. Kusawazisha uso wa juu kwa nusu milimita kinavumilia, kwa hiyo unaamini mambo ni mazuri. Halafu inaingia endimili, kifaa cha kukata chenye meno, ya milimita 12, kina cha milimita 10. Ile mizunguko ya endimili huvuta kazi juu kama skrubu inavyovuta kizibo. Sauti ndiyo hubadilika kwanza, mvumo unageuka kuwa kugongagonga. Kufumba na kufumbua kipande kinapanda, endimili inakatika, na kama mlango uko wazi, kipande hakichagui kwa kwenda.

Dawa yake ni fimbo ya aluminiamu ya mviringo, unene milimita 10 au 12, urefu sawa na kazi. Ilaze kati ya taya inayosogea na ubavu uliopinda, usawa wa katikati ya sehemu inayobanwa. Sasa taya haiwezi kulazimisha upinde wake. Inasukuma tu, na ubavu wa pili unalala bapa kwenye taya isiyosogea. Chonga uso wa kwanza. Uso huo uuelekeze kwenye taya isiyosogea, weka fimbo, chonga wa pili. Wa kwanza ubaki pale pale, wa pili uende chini juu ya paraleli, chonga wa tatu. Kisha laza wa kwanza chini, bana wa pili na wa tatu bila fimbo, maliza wa nne. Ukiruka hatua, skwea itakuumbua mwishoni.

Namna ya kujua kazi imekaa: kaza, igonge kwa nyundo ya plastiki, kisha jaribu kusogeza kila paraleli kwa kidole. Zote zigome. Ikicheza moja, legeza uanze upya. Usiongeze kukaza baada ya kugonga, maana utaipandisha tena. Na usiwe bahili wa kina cha kushika: kipande cha milimita 25 kikishikwa milimita 3 kwa taya za kawaida, ukakichonga kwa nguvu, umejitengenezea wenzo wa kuking'oa. Kipe 10.

Kazi nyembamba ina ugonjwa wa pili. Bomba au pete ikibanwa sana inakuwa yai. Utaitoboa tundu duara safi, vernia itakubali, ukilegeza jiliwa chuma kinarudi umbo lake na tundu ndilo linakuwa yai. Tumia taya laini za aluminiamu zilizochongwa umbo la kazi. Zichonge zikiwa zimekazwa juu ya kipande cha kujazia, kwa nguvu ile ile utakayotumia kwenye kazi. Zikichongwa zikiwa hazina kitu katikati, zitakaa vingine siku ya kazi.

Unatumia kleme, vibano vya kufungwa kwa bolti, kwenye meza? Bolti iwe karibu na kazi kuliko na kibao cha nyuma kinachoegemeza kleme, na kibao hicho kiwe juu kidogo kuliko kazi. Bolti isipenye chini ya nati ya T, ile inayokaa ndani ya mfereji wa meza, kwa sababu itasukuma sakafu ya mfereji na kupasua mdomo wa meza. Meza hainunuliwi dukani kama nati.

Upande wa kifaa, koleti, bushi yenye nyufa inayobana shina la endimili, iingie kwanza kwenye nati yake mpaka ilie "tak", ndipo uweke endimili. Futa mafuta kwenye shina na ndani ya koleti. Ukiona sakafu ya shimo unalochonga inazidi kina kutoka kipande hadi kipande, usikimbilie kurekebisha namba za urefu: endimili inateleza kutoka kwenye koleti iliyochakaa. Acha nje urefu unaohitaji tu, kwa kuwa ukiuzidisha mara mbili, kupinda kunaongezeka mara nane.

Mzunguko usikisiwe. Zidisha kasi ya kukata, kwa mita kwa dakika, mara 1000, gawa kwa 3.14 mara kipenyo. Chuma laini kwa mita 100, endimili ya kabaidi (madini magumu sana) ya milimita 10, unapata takribani mizunguko 3,180 kwa dakika. Meno manne, kila jino milimita 0.04, fidi, yaani mwendo wa kifaa ndani ya kazi, ni kama milimita 510 kwa dakika. Ukikata ubavuni kwa milimita 1 tu, chenga inakuwa nyembamba kuliko ulivyohesabu na jino linasugua badala ya kukata. Pandisha fidi hadi kama 0.067 kwa jino. Watu hupunguza fidi wakisikia kelele, na mara nyingi ndiko kunakochoma ncha. Kwa aluminiamu tumia meno mawili au matatu, endimili isiyo na ule utando wa kukatia chuma wenye aluminiamu ndani yake, na upepo au maji ya kupozea ya kufukuza chenga. Chenga zikikatwa mara ya pili zinaganda kwenye jino.

Programu ijaribu hewani kwanza, sifuri ya Z ikiwa imepandishwa milimita 50, mstari mmoja mmoja, mwendo wa haraka umeshushwa hadi asilimia 25. Tazama umbali uliobaki kwenye skrini kabla kifaa hakijashuka: kama skrini inasema 80 na jicho linaona 20, bonyeza kitufe chekundu. Hakikisha G54, yaani sifuri ya kazi, ndiyo ya kazi hii, na namba ya H, ya urefu wa kifaa, inalingana na kifaa.

Umeme ukikatika katikati, ukirudi usianzie mstari ulipoishia. Pandisha Z kwa mkono, rudisha mashine nyumbani, anza kabla ya mistari ya kuita kifaa, sifuri na mzunguko. Na mambo mengine unayajua: glovu vua kabla spindo haijazunguka, spana isibaki juu, chenga toa kwa brashi, mlango ufunge, mgeni asiegemee mashine.