Pedali ya breki ngumu kama jiwe: usikimbilie kununua busta

Wakuu, wiki iliyopita nililetewa Corolla 110 iliyokwisha kula pedi mpya, master silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya mtumba na chupa mbili za mafuta ya breki, na bado mwenyewe akifika kwenye taa anakanyaga kwa miguu miwili. Ugonjwa ulikuwa mpira wa busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Mpira mmoja tu, umechanika upande wa chini ambako jicho halifiki. Ndiyo maana nimeamua kuandika hatua zangu kwa mpangilio wa mfuko: vipimo vya bure vinatangulia, kufumua kunakuja mwisho.

Tuelewane kwanza ugumu gani tunausema. Pedali inayozama hadi chini au inayobonyea kama sponji ni ugonjwa mwingine: upepo kwenye mabomba, au master silinda imechoka. Hapa nasema pedali iliyosimama juu, unaisukuma kwa nguvu zote na gari linazidi kusogelea bampa la mwenzio.

Lile duara jeusi la bati nyuma ya master silinda ndilo busta, wengine wanaliita haidrovaki. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Injini ya petroli hufyonza hewa upande mmoja wa kiwambo kupitia mpira unaotoka kwenye manifodi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Kufyonza huko ndiko tunakoita mvuto, au vakyumu. Ukikanyaga, hewa ya nje inaingia upande wa pili na kusukuma. Busta la inchi 8 lenye mvuto mzuri hukuongezea msukumo wa zaidi ya kilo 200. Mvuto ukikosekana unabaki na mguu wako peke yake. Kwa hiyo gari lenye pedali ngumu mara nyingi breki zake ni nzima, ila msaidizi hayupo kazini.

Sasa tupime. Gari liwe sehemu tambarare, handibreki juu, tairi lizuiwe na jiwe.

Hatua ya 1. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Usiondoe mguu. Washa. Pedali inatakiwa kuzama kidogo chini ya mguu, kama imepumua. Isipozama, ama mvuto haufiki kwenye busta, ama busta lenyewe limekufa.

Hatua ya 2. Acha injini ingurume dakika moja au mbili, zima, kisha kanyaga taratibu mara tatu. Ya kwanza iende chini, ya pili ipungue, ya tatu ipungue zaidi. Ikiwa ngumu tangu ya kwanza, akiba ya mvuto inavuja.

Hatua ya 3. Injini ikiwaka, kanyaga na ushikilie, halafu zima. Hesabu sekunde 30. Pedali ikianza kukusukuma mguu juu, kuna kuvuja. Hapo hapo tega sikio chini ya dashibodi. Ukikanyaga na kusikia "ssss" isiyokoma, na injini inatetemeka kama inataka kuzima, kiwambo kimepasuka au sili ya busta imekwisha.

Hatua ya 4, na hapa ndipo watu wanaporuka. Chomoa mpira kwenye busta injini ikiwaka, uzibe kwa kidole gumba. Unatakiwa kuvutwa kidole kwa nguvu. Ukiona mvuto ni wa kubembeleza, fuata mpira wote kwa mkono mpaka kwenye manifodi: ukunje, ukamue, angalia chini ya klipu. Mipira ya zamani huiva kwa joto la injini. Kuna ubaya mwingine ambao hauonekani kabisa: fundi aliweka mpira wa kawaida wa maji au wa mafuta. Kwa nje unapendeza, lakini ukifyonzwa unajibana wenyewe ndani na njia inaziba. Nunua mpira wa vakyumu wenye ukuta mgumu, usikubali "huu nao unafaa".

Hatua ya 5. Valvu ya njia moja. Kwenye magari mengine imechomekwa kwenye busta. Kwenye Toyota nyingi imefichwa ndani ya mpira wenyewe, na nje kuna mshale. Mshale uelekee kwenye injini. Nimeshakuta mpira uliogeuzwa baada ya injini kushushwa, na mwenye gari keshaambiwa atafute busta. Kuipima, puliza kwa mdomo: hewa ipite ukipulizia upande wa busta, igome ukipulizia upande wa injini. Ikipita kote au ikigoma kote, tupa.

Hayo yote yakiwa mazima na hatua ya 1 bado inafeli, basi sasa tunaongelea busta. Kabla ya kulitoa, legeza nati mbili za master silinda na uisogeze mbele bila kukunja mabomba. Ukikuta unyevu wa mafuta ya breki nyuma yake, sili ya master ndiyo iliyoua busta, maana mafuta hayo yanaozesha kiwambo. Badilisha vyote viwili, la sivyo utarudi. Ukinunua la mtumba, ingiza kipande cha kitambaa kwenye tundu la mpira. Kikitoka na mafuta, rudisha dukani. Linganisha pia urefu wa kijiti kinachosukuma master. Kikizidi, breki zitashika zenyewe na rimu zitachemka.

MASWALI

Swali: Mkuu, nina Hiace ya dizeli, injini 3L. Pedali imekuwa ngumu tangu alternata isukwe upya. Kuna uhusiano kweli, au fundi umeme anasingiziwa bure?

Jibu: Upo, kaka. Dizeli hiyo haipati mvuto wa kutosha kwenye manifodi, kwa hiyo ina pampu ya vakyumu, nayo imefungwa mgongoni mwa alternata. Pampu hulainishwa na oili ya injini kupitia kijibomba. Angalia mpira wake umerudishwa, kijibomba cha oili hakijaziba, na vile vibao vidogo vinavyozunguka ndani ya pampu havijalika au kupangwa vibaya. Kaza pia mkanda wa alternata. Ukiteleza, pampu nayo inalala.

Swali: Nipo Mbeya. Kipimo cha vakyumu kinasoma inchi 15 za zebaki, fundi anasema injini imekwisha kwa sababu kitabu kimeandika 18 hadi 22.

Jibu: Kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda unapoteza takribani inchi moja, na Mbeya mko juu, karibu mita 1,700. Inchi 15 huko ni injini nzima. Mshale ukitulia bila kucheza, iache injini yako.

Swali: Asubuhi tu ndiyo ngumu, nikiwasha inalainika.

Jibu: Akiba imevuja usiku. Valvu ya njia moja. Ibadilishe.

Swali: Fundi, kuna madereva wanazima injini mteremko wa Kitonga kuokoa mafuta. Breki si zinabaki?

Jibu: Zinabaki kwa mikanyago miwili au mitatu, kisha ni ule ugumu tunaousema, ukiwa kwenye kona na lori nyuma yako. Binafsi siwezi kupanda gari la dereva wa namna hiyo. Busta likikufia njiani, usipige pigapiga pedali, kila kanyago inakula akiba. Kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, shuka gia, handibreki taratibu.

Swali: Mimi hatua zote tano zimepita vizuri lakini pedali bado ngumu, na rimu ya mbele kushoto inaunguza. Nifanye nini?

Jibu: Dada, basi busta lako ni zima, achana nalo. Inua tairi hilo, kanyaga na uachie breki, zungusha kwa mkono. Likigoma, legeza niple ya kutolea upepo kidogo tu. Likiachia hapo hapo, mpira wa breki wa gurudumu hilo umevimba ndani. Lisipoachia, pistoni ya kalipa (kibanio cha pedi) au pini zake zimeganda. Chungulia pia mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki. Sili yake ikiwa imevimba, kuna mtu alikuongezea oili au hydroliki badala ya mafuta ya breki ya DOT 3, na hapo mipira yote ya mfumo mzima inabadilishwa. Nitumie picha ya huo mfuniko kabla hujanunua kitu.