Jinsi ya Kuchunguza kwa Nini Wavulana na Wasichana Hawalingani Vyuoni

Anayetaka kueleza kwa nini wavulana na wasichana hawalingani kwa idadi katika Chuo Kikuu cha Maseno au cha Egerton asianzie langoni mwa chuo, bali aanzie kwenye matokeo ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya) ya shule za eneo lake, kwa kuwa anayekosa wastani wa C+ hapati nafasi ya shahada kupitia KUCCPS, bodi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Hesabu kwa kila jinsia waliofikia alama hiyo, kisha walioomba, kisha walioripoti chuoni, ili uone pengo linaanzia wapi.

Likijitokeza kabla ya mtihani, ulizia mimba za mapema, kazi za nyumbani na, kwa wavulana wa kando ya Ziwa Victoria, uvuvi na bodaboda, ambazo huwapa pesa mapema (wazazi wengi hutaja uvivu, jibu ambalo naliona jepesi mno). Likijitokeza baadaye, chunguza karo na mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa elimu ya juu.

Tenganisha pia kozi, kwani jumla inayolingana inaweza kuficha darasa la uhandisi lenye wasichana wachache.